Ndoo Zilizogoma Kukimbia

Nchi yetu ipo. Asiyeamini achukue ramani aitafute, na akiikosa ajue kwamba ramani yake ilichorwa na watu wenye wivu. Inaitwa Jamhuri Tukufu ya Songambele, nchi ya amani, utulivu na mbio. Mimi ni kinyozi katika mji wake mdogo wa Kisimani. Kazi ya kinyozi ni kunyoa na kusikiliza redio, na kwa kuwa wembe unakuwa mkononi mwangu, wateja hawapendi kunidanganya. Kwa hiyo haya ni ya kweli, na popote nitakapoisifu serikali, nimeisifu kwa moyo mweupe.

Kwanza nieleze jinsi Redio ya Taifa ilivyowapata wataalamu wake wa siasa.

Zamani, kila sikukuu ya uhuru, tulikuwa na mashindano ya mbio za punda. Redio ilikuwa na Idara nzima ya Mbio, na hodari wa idara hiyo alikuwa Sudi Timkavumbi, mtu aliyeweza kumtangaza punda aliyesimama ukatoka jasho. Halafu Waziri wa Taswira ya Nchi akarudi kutoka safari ya ng'ambo akasema punda wanatufanya tuonekane washamba. Punda wakastaafishwa kwa heshima zote za kitaifa. Mishikaki ya wiki ile ilikuwa migumu kidogo, lakini hakuna aliyeuliza.

Watangazaji wakabaki. Sheria yetu hairuhusu mtumishi wa umma kukaa bure mahali ambapo wengine wanamwona. Wakahamishiwa Idara ya Siasa, ambayo mkuu wake alikuwa amepelekwa masomoni miaka mingi bila kuambiwa anasomea nini. Sudi aliuliza swali moja tu: "Huko kwenye siasa, kuna wanaokimbia?" Akajibiwa kwamba mwaka huu kuna mchujo wa Chama. "Basi," akasema, "nipeni kipaza sauti."

*

Msomaji wa mbali anaweza asijue mchujo ni nini. Songambele ina chama kimoja kikubwa, Chama cha Mwendo, na vingine vidogo vinavyotunzwa vizuri kwa ajili ya kuonyeshwa wageni. Akishateuliwa mtu na Chama kugombea ubunge, ameshakuwa mbunge. Uchaguzi wenyewe hufanywa baadaye ili karatasi za kura zisiliwe na mchwa ghalani. Mchujo ndio uchaguzi, nao hufanywa kwa mlolongo: wagombea husimama uwanjani, wanachama hujipanga nyuma ya wamtakaye, filimbi hulia, na msimamizi huhesabu.

Hapo mwanzo Chama hakikuwa na kanuni za foleni. Viongozi hawajawahi kupanga foleni, wangezijulia wapi? Wakatuma watu nchi nzima watafute foleni ya mfano, nao wakaikuta hapa kwetu: foleni ya wanawake wa Kisimani kwenye bomba la maji. Haina polisi, haina kamba, na haijawahi kuvunjika. Chama kikazichukua kanuni zake kama zilivyo, kikazipigia muhuri, na tangu hapo husomwa kwa sauti kabla ya kila mchujo, watu wote wakiwa wamevua kofia. Ni mbili tu. Ya kwanza: chombo kilichowekwa kwenye foleni ni sawa na mwenye chombo, ilimradi mwenyewe awepo zamu yake ikifika. Ya pili: atokaye kwenye foleni bila kuacha chombo, zamu yake imekufa.

Kwetu hizi hazihitaji kusomwa. Kila nyumba Kisimani ina ndoo ya zamu, yaani ndoo kuukuu iliyotoboka, haifai kwa maji wala kwa mahindi. Kazi yake ni kukaa kwenye foleni badala ya mama mwenye nyumba. Anaipeleka alfajiri, anarudi kuchochea moto na kuamsha watoto, na bomba likianza kukohoa anakuja na ndoo nzima. Katika mji huu watu wameibiwa kuku, baiskeli na hata wake. Ndoo ya zamu haijawahi kuguswa. Wazee walisema mwenye kusogeza ndoo ya mwenzake, naye jeneza lake litasogezwa, na sisi hatujawahi kutaka kujaribu.

*

Sasa nije kwenye kiini cha mambo, ambacho ni maji.

Mwaka jana bomba la zahanati lilikatwa kwa muda ili lilishe chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi ya Chama. Inaitwa Chemchemi ya Maendeleo. Maji huruka juu mchana kutwa, na giza likiingia huwashiwa taa za rangi. Wazo lilikuwa la mbunge wetu, Mheshimiwa Dakta Bonifasi Kwekwe, aliyesema siku ya uzinduzi: "Ndugu wananchi, maji haya yalikuwa yamefichwa ndani ya mabomba. Leo nimeyaweka wazi." Tulipiga makofi sana. Wiki iliyofuata zahanati ikabandika tangazo mlangoni: mama mjamzito aje na ndoo mbili za maji yake mwenyewe.

Binti yangu Tausi alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Kila nilipopita pale nikaona maji yale yanaruka na kuanguka, yanaruka na kuanguka, moyo uliniuma. Mimi ni raia mtiifu, lakini niseme wazi kwamba chemchemi ile niliichukia.

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza Mheshimiwa Kwekwe mwenyewe. Wa pili Bwana Chonya, mwenye duka la magodoro, ambaye sera yake ilikuwa kwamba gari lake ni jipya kuliko la Mheshimiwa. Wa tatu Bi Semeni, mkunga mstaafu, aliyewapokea nusu ya watu wa mji huu walipokuja duniani, Mheshimiwa Kwekwe akiwa mmoja wao. Bi Semeni alikuwa na neno moja tu la kusema: bomba la zahanati lirudishwe.

*

Sudi Timkavumbi alifika Kisimani na gari la matangazo lenye spika nne. Siku hiyohiyo wagombea wakaitwa uwanjani wavalishwe namba mgongoni, na daktari wa mifugo akaletwa awatazame meno na magoti. Mheshimiwa Kwekwe alipanua kinywa mpaka daktari akaandika "Bora." Bwana Chonya alirusha mateke mawili kuonyesha wepesi. Bi Semeni alikataa.

"Meno yangu yamekula ugali miaka sitini," alisema. "Hayahitaji cheti."

"Mama, bila namba wasikilizaji watakutambuaje?" akauliza Sudi.

"Kwa jina. Naitwa Semeni."

Kabla ya adhuhuri redio ikatangaza msimamo wa mbio. Mheshimiwa Kwekwe alikuwa anaongoza, Bwana Chonya anampumulia kisogoni, na Namba Tatu ameachwa mbali. Nilishangaa, maana kampeni zilikuwa bado hazijaanza. Bahati nzuri jioni ile Sudi alikuja kunyolewa ndevu. Nikampaka povu, nikamwinua kidevu, nikauliza kwa adabu.

"Ndugu mtangazaji, mmepimaje?"

"Vumbi," akajibu. "Miaka yote tulipima punda kwa vumbi. Gari la Kwekwe limetimua vumbi hadi kwenye minara ya msikiti. La Chonya limefika kwenye paa za mabati. Yule mama amekuja kwa miguu. Vumbi lake halikuvuka kifundo."

"Na mbona humpi nafasi ya kusema redioni?"

"Kwa sababu yuko nyuma."

"Na kwa nini yuko nyuma?"

"Kwa sababu hasikiki redioni." Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Angalia wembe wako, fundi. Umesimama."

Ulikuwa umesimama kweli, juu ya koo lake. Nilimaliza kumnyoa bila kumkata, na nadhani hilo lihesabiwe katika utumishi wangu kwa taifa.

*

Mara moja tu Bi Semeni alipewa kipaza sauti, tena kwa sababu Mheshimiwa Kwekwe alikuwa anakula. Mahojiano yalifanyika kwenye lango la zahanati. Bi Semeni alikuwa ameifudikiza ndoo akaikalia, na sisi watu wa mtaa tukasimama kumzunguka.

"Namba Tatu," alianza Sudi, "unajisikiaje kuwa wa mwisho?"

"Zahanati haina maji."

"Anakwepa swali, wasikilizaji! Je, unatarajia Namba Moja apunguze kasi ili umfikie?"

"Juzi mama mmoja ndoo yake ilimwagika njiani. Mtoto wake amefutwa kwa khanga kavu. Niulize hilo."

"Mkakati wako wa kupenya katikati yao ni upi?"

Bi Semeni akamtazama. "Mwanangu, wewe ulizaliwa?"

"Nilizaliwa, mama."

"Ukaoshwa kwa kitu gani?"

Sisi tuliokuwepo tulimwona Sudi akishusha kipaza sauti, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtoto wa mtu. Kisha akajikaza. "Namba Tatu anaonekana kuishiwa pumzi, wasikilizaji! Tunarudi kwa Namba Moja, ambaye sasa hivi ananawa mikono!"

Kesho yake gazeti la *Kumekucha* lilikuwa na kichwa kikubwa: NAMBA TATU AHEMA. Chini yake daktari wa mifugo alieleza dalili.

Bi Semeni hakulia wala hakutukana. Alisema, na tulimsikia sote: "Kuanzia leo sikimbii. Chama kimeniita kugombea, hakikuniita kukimbia. Anayenitaka atanikuta hapa nilipokaa." Akabaki pale langoni juu ya ndoo, akichambua mchele, akiongea na kila aliyekuja kuhusu bomba.

Jambo hilo lilimtesa sana Sudi. Kanuni za redio zilimtaka amtaje kila mgombea katika kila taarifa. Basi tukawa tunasikia: "Namba Moja yuko Mtaa wa Juu, anapunga mkono, anapunga wa pili! Namba Mbili yuko sokoni, amembeba mtoto, mtoto analia, anambadilisha, mwingine naye analia! Namba Tatu... amekaa." Na saa inayofuata: "Namba Tatu... bado amekaa."

*

Msidhani watu hawakumpenda. Wote walimpenda, na hapo ndipo maajabu yalipo.

Kwenye kiti changu siku hizo walikaa watu wa kila aina, fundi baiskeli, mwalimu, muuza samaki wa kukaanga. Mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Bi Semeni ndiye hasa," angesema mteja. "Lakini hawezi kushinda."

"Kwa nini?"

"Hakuna atakayempa kura."

"Wewe je?"

"Mimi? Mimi ningempa, kama angekuwa anashinda. Kura yangu ni moja, sitaki ipotee."

Kupoteza kura si jambo dogo Songambele. Sudi alilitaja kila siku hewani, na serikali sikivu ikaona iwasaidie wananchi. Kituo cha polisi kikafungua dirisha la Kura Zilizopotea. Ukipoteza kura unapaswa kutoa taarifa, kueleza mara ya mwisho uliiona wapi, kuleta mashahidi wawili wanaoijua, na kurudi Jumanne. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikamatwa kwa kuwa taarifa yake ilionyesha uzembe. Hofu ikatanda. Mimi mwenyewe nilianza kupapasa mfuko wa shati kila baada ya muda, kuhakikisha kura yangu ipo.

Mke wangu, Mama Tausi, alinisikiliza siku moja nikilieleza hilo la kura. Alikuwa anamkanda Tausi miguu iliyovimba.

"Kwa hiyo Baba Tausi utajipanga nyuma ya nani?"

"Redio inasema Kwekwe anaongoza."

"Sikukuuliza redio."

"Mama Tausi, kura ikipotea..."

"Mjukuu wako akizaliwa akafutwa kwa khanga kavu, hiyo ndiyo itakuwa kura yako. Utakwenda kuitafuta polisi?" Akainuka kwenda kutupa maji ya kukandia, akakumbuka kwamba hayatupwi, akayafunika. "Nyinyi wanaume mnangoja redio iwaambie mnachokitaka. Haya, ngojeni."

Niliongeza sauti ya redio ili nisisikie ukimya wa nyumba yangu.

*

Siku ya mchujo Chama kilipanga saa kwa busara. Uwanja ni ule wa mpira, na bomba la mtaa liko nyuma ya goli la kusini. Bomba hutoa maji asubuhi mara moja tu, na ndiyo saa iliyowekwa kwa ajili ya mlolongo. Msemaji wa Chama alieleza kwamba hivyo wanawake watapunguziwa usumbufu wa kuchagua.

Tulipofika uwanjani jua likiwa bado changa, tulikuta wagombea wawili wamesimama na namba zao mgongoni. Wa tatu alikuwa ameikalia ndoo yake. Nyuma ya Bi Semeni hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na ndoo. Ndoo nyekundu, ndoo za bluu, madumu yaliyokatwa shingo, makopo ya rangi yenye vishikio vya waya, yote yametoboka, yamepangwa moja nyuma ya nyingine mpaka yakapita mstari wa katikati, yakazunguka kibendera cha kona. Wenyewe walikuwa nyuma ya goli, kwenye bomba.

Watu waliangua kicheko. Sudi alipanda juu ya gari lake. "Wasikilizaji, haijawahi kutokea! Namba Tatu anaungwa mkono na ndoo! Ni debe tupu, wasikilizaji, kwa maana halisi!"

Msimamizi wa mchujo, Bwana Lwitiko, mtu mwembamba mwenye kupenda sana kanuni kwa kuwa hana kingine cha kupenda, alituamuru tuvue kofia akasoma zile kanuni mbili. Tulizisikia kama tunavyosikia siku zote, kwa sikio moja. Kisha akasema mlolongo umefunguliwa, na filimbi ya kufunga italia kivuli cha mlingoti wa bendera kikigusa jiwe jeupe.

Nilijipanga kwa Kwekwe, maana ndiye aliyekuwa anaongoza. Lakini Sudi alikuwa anatazama kutoka juu. "Namba Mbili anakuja! Mlolongo wa Chonya unarefuka! Unampita Kwekwe kwa vichwa kadhaa!" Wanaume wakatazamana. Nani atake kuachwa kwenye mlolongo wa anayeshindwa? Tukachomoka, tukakimbilia kwa Chonya. Hatujatulia, spika zikanguruma: "Kwekwe anarudi! Kwekwe anachanja mbuga!" Tukageuka. Wengine walipoteza viatu. Tulikwenda na kurudi, na vumbi likapanda mpaka ikawa hatutambui nani ni nani, na kadiri vumbi lilivyopanda ndivyo Sudi alivyopagawa, kwa sababu alikuwa hajaliona vumbi kama lile tangu punda wastaafishwe.

Ni Mheshimiwa Kwekwe aliyeziona ndoo kwa macho mengine. Nadhani aliona wanawake wanaanza kutazama upande wa uwanja. Akawaita Vijana wa Hamasa, wale wanaovaa fulana zenye picha yake.

"Ondoeni hizi takataka."

Vijana wakasogea, wakasimama.

"Mheshimiwa," akasema mmoja, "ile nyekundu ni ya mama yangu."

"Basi acha hiyo. Ondoa ile ya kijani."

"Ile ya kijani, Mheshimiwa, ni ya mama yako."

Mheshimiwa akaitazama. Ilikuwa ya mama yake kweli, ina mshipi wa ukili aliousuka mwenyewe. Uso ukambadilika rangi. Akaiacha, akatembea mpaka kwenye ndoo nyingine, kopo la rangi ya nyumba lililoandikwa MAMA TAUSI kwa mkono wangu mimi, akainua kiatu.

Wakati huo nilikuwa katikati ya uwanja nikihema, nimekimbia sijui mara ngapi, mate yamekauka. Nilikiona kile kiatu juu ya ndoo ya nyumba yangu. Nikamwona Tausi na miguu yake iliyovimba, na mke wangu akifunika maji machafu kwa sahani. Hasira ilinipanda ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nikavuka uwanja, nikaikalia ndoo.

"Piga," nikamwambia.

"Kinyozi, toka hapo."

"Piga teke, Mheshimiwa. Utakuwa umenipiga mimi. Na Jumamosi utakuja kunyolewa, utaweka shingo yako pale pale unapoiweka siku zote."

Aliniangalia. Akaiangalia shingo yake, kwa kadiri mtu anavyoweza kuiangalia shingo yake. Akashusha mguu.

"Fundi," Bi Semeni akaniita kutoka mbele bila kugeuka, "ndoo hiyo ni zamu ya mkeo. Yako iko mkiani."

"Ndiyo, mama." Nikaenda mkiani. Fundi baiskeli akanifuata, na mwalimu, na muuza samaki akiwa na kiatu kimoja. "Nimechoka kukimbia," alisema. Tulikuwa wachache. Waliobaki walikuwa bado wanasikiliza spika.

"Chonya! Chonya anaongoza kwa pua!" alipiga kelele Sudi, na watu wote wa Kwekwe wakachomoka. Papo hapo akaona kitu kingine. "Hapana! Ni Kwekwe!" Watu wa Chonya nao wakachomoka. Makundi mawili yakakutana katikati ya uwanja, bega kwa bega, paji kwa paji. Kivuli kikagusa jiwe.

Bwana Lwitiko akapuliza filimbi.

*

Vumbi lilipotua, wanaume wa Kisimani walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, hawako nyuma ya mgombea yeyote. Wengine walijaribu kurudi. Bwana Lwitiko aliinua mkono. "Kanuni ya pili," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake ilisikika bila spika. "Atokaye kwenye foleni bila kuacha chombo, zamu yake imekufa."

Akahesabu mlolongo wa Mheshimiwa Kwekwe: dereva wake na shemeji yake, ambaye alikuwa amelala. Akahesabu wa Bwana Chonya: wapakiaji wake wa magodoro, ambao walikuwa wameegemea godoro. Kisha akafika kwenye ndoo.

"Chombo hiki ni cha nani?"

"Changu." Mke wa mwalimu alikuwa ameshafika, ndoo ya maji kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

"Na hiki?"

"Changu, mwanangu. Nipo." Alikuwa mama mzazi wa Mheshimiwa. Alisimama wima nyuma ya ndoo yake ya kijani, hakumtazama mwanawe.

Wakaja mmoja baada ya mmoja, kila mmoja zamu yake ikifika, bila kukimbia, bila kusukumana, kama wanavyofanya kila asubuhi ya Mungu. Mke wangu alipofika kwenye kopo lake alinitafuta kwa macho, akanikuta mkiani nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakutabasamu. Aliniinamishia kichwa kidogo tu, nami nikaridhika.

Bwana Lwitiko alimtangaza Bi Semeni mshindi. Spika nne hazikutoa sauti. Sudi alikuwa ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika sahani iliyovunjika.

*

Kwa kuwa nchi yetu ni ya sheria, Makao Makuu ya Chama yalijibu kabla ya chakula cha mchana. Taarifa ilisema Chama kinawapongeza wagombea wote kwa mbio nzuri. Hata hivyo, mtu aliyekuwa amekaa hawezi kushinda mbio. Matokeo yatasubiri picha ya mstari wa mwisho, ili ionekane pua ya nani ilitangulia. Picha hiyo haikupigwa, kwa hiyo itasubiriwa kwa uvumilivu. Hadi hapo, Mheshimiwa Kwekwe aendelee na majukumu yake, na Chemchemi ya Maendeleo iendelee kuruka.

Bi Semeni aliisikiliza taarifa mpaka mwisho. Akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisimama tangu siku ya mahojiano. Akaichukua ndoo yake.

"Jamani," alisema, "wamesema tusubiri. Kusubiri tunakujua. Ila tutasubiria mahali penye maji."

Akatembea mpaka mbele ya ofisi ya Chama, akaiweka ndoo chini ya chemchemi. Nyuma yake ikawekwa ya mke wa mwalimu, kisha ya kijani, kisha yetu, foleni ikanyooka mpaka barabara kuu. Safari hii walileta ndoo nzima. Zamu ikifika mtu anakinga, anajaza, anaibeba hadi zahanati, anamimina kwenye pipa, anarudi mkiani. Polisi waliitwa. Walitazama foleni, wakatafuta kosa, wakaona haina vurugu wala kelele, na ndoo ya tano ilikuwa ya mke wa mkuu wa kituo. Wakaazima kivuli cha ofisi wakakaa.

Siku ya tatu Tausi alishikwa na uchungu. Alikwenda zahanati mikono mitupu, akijishikilia kiuno, na mjukuu wangu akaoshwa kwa maji yaliyokuwa maendeleo. Ni msichana. Analia kwa sauti ambayo redio haiiwezi.

Picha ya mstari wa mwisho haijapatikana hadi leo. Foleni nayo haijaondoka.

Juzi Sudi Timkavumbi alifika pale, ndevu hajanyoa, na kipaza sauti chake kikiwa wazi nchi nzima ikisikia. Alitembea kando ya foleni akiitazama, mbele, nyuma, mbele tena. Nadhani alikuwa anatafuta vumbi, na pale chini palikuwa na tope.

"Mama," alimuuliza mke wangu hatimaye, kwa sauti ya chini, "hapa nani anaongoza?"

Mama Tausi alihamisha ndoo yake hatua moja mbele, maana zamu ilikuwa imesogea.

"Hapa hatushindani, mwanangu. Katafute ndoo, uiweke nyuma."